Mwingi 90400: Anwani Iliyojifunza Kutembea

Barua ya zamani ilikuwa na kwao. Chini ya jina la mtu liliandikwa jina la shule au kanisa, chini yake S.L.P. na nambari, kisha Mwingi, na Posta ilipoanza kutumia misimbo ikaongezwa 90400. Mwenye jina huenda alikuwa bandarini Mombasa au kwenye viwanda vya Industrial Area, Nairobi, lakini barua haikuyajua hayo. Ilikwenda Mwingi, ikalala sandukuni hadi mwalimu mwenye ufunguo aende mjini siku ya soko. Jina likasomwa gwarideni, na mtoto wa jirani akaifikisha nyumbani. Hapo kazi ya Posta ilikwisha na kazi ya mama ikaanza, kwa sababu mama ndiye aliyejua mwanawe yuko wapi mwezi huo. Aliitia barua ndani ya bahasha nyingine, akampa kondakta wa basi linalopita na kumwelekeza: mtafute fulani, geti la bluu, mwambie inatoka nyumbani.

Miaka ya 1990 wahandisi wa intaneti walikutana na shida hiyohiyo. Kila kompyuta ilikuwa na anwani, na anwani ilitaja mahali. Ukiihamisha kompyuta, anwani ilibaki ikisema uongo, na lolote lililokuwa likiendelea lilikatika. Mwaka 1996 ikatolewa kanuni ya kwanza ya kuondoa shida hiyo, chini ya uhariri wa Charles Perkins, na ukiisoma utamkuta mama wa Mwingi ndani yake. Kifaa hubaki na anwani ya nyumbani siku zote. Nyumbani kuna wakala. Kifaa kikifika ugenini humpasha wakala habari za pale kilipo. Naye hupokea kila kilichoandikwa kwa anwani ya zamani, hukitia ndani ya bahasha mpya na kukisukuma mbele. Kondakta tu ndiye hayumo.

Anwani peke yake haitoshi, hata hivyo. Kuna shughuli nyingine ya hewani, na hiyo msafiri wa barabara ya Garissa anaijua hata kama hajawahi kuambiwa jina lake.

Desemba 1947, katika maabara za Bell huko Marekani, Douglas Ring aliandika waraka wa ndani uliopendekeza nchi igawanywe vipande vidogo vya pembe sita, kila kipande na mnara wake mdogo, badala ya kusimamisha mnara mmoja mkubwa unaopiga kelele mji mzima. Wazo lilikaa kabatini miaka mingi. Tokyo ilipata mtandao wa namna hiyo mwaka 1979, na Chicago ilikuwa imeufanyia majaribio mwaka mmoja kabla. Ugumu wa wazo la Ring haukuwa minara. Ulikuwa mipaka: mtu anapoongea huku gari linatoka kipande hiki na kuingia kile, nani anamshika, na anamshika saa ngapi? Wahandisi wetu hutamka neno la Kiingereza, hendova. Wakimbiaji wa mbio za kupokezana wangelielewa upesi zaidi, maana ni kijiti. Akiachia mapema, kijiti kinaanguka. Akichelewa, wanaanguka wote wawili.

Kenya wakati huo iliishi kwa waya. Shirika la Posta na Simu, KPTC, lilizaliwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na lilipogawanywa mwaka 1999 kuwa Telkom Kenya, Posta na tume ya kusimamia mawasiliano, laini za waya zilikuwa kama 300,000 katika nchi ya watu karibu milioni 29. Simu za mkononi za analogi zilikuwapo tangu 1993, zikiuzwa kwa bei ya kumtisha hata mwenye duka la jumla. Kisha ukaja mwaka 2000. KenCell ilifungua Agosti, Safaricom Oktoba. Safaricom, chini ya Michael Joseph, iliamua kutoza kwa sekunde ilhali mwenzake alitoza kwa dakika, na nathubutu kusema uamuzi huo ulifanya kazi kubwa kuliko minara mingi. Mtu mwenye kadi ya kukwangua aliweza kusema "nimefika salama" na kukata, akabaki na salio la kesho. Simu ikawa kitu cha msafiri.

Sasa chukua basi. Kutoka Nairobi unapita Thika, unavuka Yatta, na ukifika Mwingi umekaribia nusu ya safari ya Garissa. Magari ya abiria yamefungiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa (madereva wa njia hii watanisamehe nikiichukua sheria kama ilivyoandikwa). Abiria wa dirishani anaongea na dada yake. Simu yake ya GSM, tangu dakika alipoanza kuongea, inasikiliza minara ya jirani na kutuma ripoti kila milisekunde 480, ikitaja majirani sita wanaosikika vizuri zaidi. Kwa mwendo huo, ni ripoti moja kila mita 11 hivi. Mitambo huzisoma zote na kungoja. Jirani akimzidi mwenye zamu kwa kiasi kilichopangwa, amri inatoka: hama. Dada hasikii kitu. Pengine neno moja linamezwa, naye anadhani ni upepo.

Mambo yakienda vizuri hakuna anayejua yametokea. Yanapoharibika ndipo tunauliza, na majibu mengine ni ya ajabu. Moja ni kilomita 35. Mnara wa GSM wa kawaida hauwezi kumhudumia mtu aliye mbali zaidi ya hapo, hata awe kileleni na mawimbi yamfikie bila kizuizi. Watu wengi hutumia mawimbi mamoja kwa zamu fupi sana, na sauti ya aliye mbali mno huchelewa njiani, ikaingia katika zamu ya mwenzake. Kwa hiyo katika nchi tambarare ya Ukasi, kati ya Mwingi na Garissa, mtu anaweza kuiona taa nyekundu ya busta usiku (sisi Wakenya mnara tunauita busta, sijui nani alituanzishia) na simu yake isifue dafu.

Jibu la pili ni jirani asiyeandikwa. Kila mnara hupewa orodha ya majirani wake, na simu hupima wale walioorodheshwa tu. Mnara mpya ukisimamishwa na mtu akasahau kuliingiza jina lake katika orodha ya wa zamani, abiria atapita chini yake kabisa, mawimbi yamejaa, na simu yake itang'ang'ania mnara wa nyuma hadi ikate roho. Mnara upo, hauna utambulisho. Yeyote aliyewahi kuhamia kijiji kipya anaelewa.

Makosa kama hayo hayaonekani ofisini. Ndiyo maana kukawa na gari la kupimia. Kazi yenyewe huitwa draivu testi: gari la kawaida, simu kadhaa zimefungwa ndani, antena juu ya paa, kompyuta mapajani mwa fundi. Simu hujipigia zenyewe, huongea kwa muda uliopangwa, hukata, hupiga tena, kutwa nzima, na kila kipimo hubandikwa mahali pake kwenye ramani kwa setilaiti. Jioni barabara inarudi ofisini imepakwa rangi: kijani, manjano, nyekundu. Fundi husoma nyekundu kama mganga asomavyo ulimi wa mgonjwa. Hapa antena imeinama mno. Pale minara miwili inarushiana simu huku na huko kama mpira. Kule jirani hayumo orodhani. Msimamizi wa mawasiliano nchini naye hupima, kwa vigezo vyake: simu ngapi zimeunganishwa, ngapi zimekatika katikati, sauti ni safi kiasi gani. Leseni ya Safaricom ya miaka 15 ilipokaribia kwisha mwaka 2014, ubora wa huduma ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa kabla ya kuihuisha.

Mimi naliheshimu gari hilo, lakini nina neno nalo. Linapima pale gari linapoweza kupita. Na hesabu nyingine kubwa tunayoitumia, ile ya idadi ya watu waliofikiwa, hutazama pale watu wanapolala. Utafiti wa mwaka 2016 uliofanywa kwa ajili ya Mfuko wa Huduma kwa Wote ulieleza kwamba simu za 2G zilikuwa zimewafikia asilimia 94.4 ya Wakenya na 3G asilimia 78, na kwamba kata ndogo 164 hazikuwa na mtandao wowote. Ni hesabu za kujivunia. Lakini Kaunti ya Kitui, ambamo wilaya ya zamani ya Mwingi imo tangu ugatuzi wa 2013, ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na sensa ya 2019 ilikuta humo watu 1,136,187. Usiku wapo majumbani kwao. Mchana mmoja amefuata mbuzi, mwingine yuko kisimani, wa tatu anarina mizinga mbali na makazi (asali ya Mwingi haitengenezwi kando ya lami), na wafugaji wa ngamia kutoka upande wa Garissa na Tana River wanaingia na kutoka kwa majira ya mvua. Mtu wa namna hii ndiye mtumiaji anayetembea kuliko wote, na njia zake hazimo katika vipimo viwili hivyo. Gari halipiti kwake, na sensa inamjua usiku.

Hapo bado tunazungumzia sauti. Data ilipofika ilikuja na tabia ya kutaka mtu atulie.

Kiwango cha WiMAX, kilichotangazwa mara ya kwanza mwaka 2001, kilikuwa cha mtu aliyekaa: sahani juu ya paa, mnara mbele yake, mawimbi kati yao. Toleo lililokubaliwa Desemba 2005 ndilo lililoruhusu kuhama, likalenga magari ya hadi kilomita 120 kwa saa, na Korea Kusini ikalianzisha kwa umma mwaka 2006. Kenya ilionja WiMAX kwenye mapaa ya maofisi ya Nairobi hasa. Mwaka 2009 nyaya za baharini SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa, bei zikaanza kushuka, na kufikia hapo ulimwengu ulikuwa unaiacha WiMAX ukielekea 4G ya ukoo wa simu, ile LTE, iliyowashwa Stockholm na Oslo Desemba 2009 na kuzinduliwa na Safaricom miaka mitano baadaye. LTE ilibuniwa ili isimwangushe mtu hata akienda kilomita 350 kwa saa. Basi la Garissa halijafika huko, ingawa ziko asubuhi zinazotia shaka.

Afrika Mashariki, kusema kweli, ilikuwa imeutangulia ulimwengu katika uhamaji wa aina nyingine. Septemba 2006 Celtel, kampuni iliyoichukua KenCell na kuipa jina lake, iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania kuwa mmoja. Mfanyabiashara alivuka Malaba au Namanga na simu yake ikabaki ya nyumbani, bila ada ya kuitikia ugenini. Mpaka wa nchi ukawa kama mpaka wa mnara kwa mnara. Serikali zilichukua miaka minane kufanya jambo la namna hiyo kwa mkataba, mwaka 2014. Na mwaka huohuo matatu za Nairobi zikaanza kubeba Wi-Fi ya Vuma. Ujanja wake unastahili kutazamwa: ndani ya matatu kuna ruta yenye laini ya simu. Abiria wote wameunganishwa na ruta, na kwao hakuna kinachosogea. Ruta peke yake ndiyo inayopokezana minara. Nyumba nzima imehama, sanduku la posta limepakiwa pamoja na vyombo.

Kisha kikaja kisa kilichopindua swali lenyewe.

Mwezi Juni 2013 Google ilirusha maputo huko New Zealand, katika mradi ulioitwa Loon. Puto la plastiki lenye upana wa mita 15 hivi lilipanda hadi kilomita 20 juu ya ardhi, juu ya ndege za abiria na mawingu ya mvua, likiwa limening'iniza paneli za jua na mitambo ya mawasiliano. Halikuwa na injini. Huko juu upepo huvuma kwa tabaka, kila tabaka na upande wake, na puto lilipanda au kushuka kidogo kutafuta upepo uendao linakotaka, kama jahazi linavyongoja kaskazi au kusi, isipokuwa hapa kaskazi na kusi zote zipo kwa wakati mmoja, moja juu ya nyingine. Mwaka 2017 maputo hayo yaliwahudumia watu wa Puerto Rico baada ya kimbunga Maria. Julai 2018 Loon, sasa kampuni kamili chini ya Alphabet, ikatangaza mkataba na Telkom Kenya.

Hapa simu ndiyo iliyotulia, na mnara ukawa unahama. Mama wa Baringo aliyekaa mlangoni pake bila kunyanyua mguu alikuwa, machoni pa mtandao, mtu anayesafiri, kwa maana puto lililomshika asubuhi lilikuwa limepeperuka na kumwachia lingine. Maputo yenyewe yalirushiana data angani hadi kwenye puto lililoonana na kituo cha ardhini. Kwa hiyo kupima kulibadilika pia. Huwezi kupima mara moja na kurudi na ramani, kwani ramani ya jana imekwenda na upepo. Ilibidi kupima kila wakati, na kutabiri: puto lipi litakuwa wapi saa mbili zijazo, na nani atakabidhiwa nani.

Machi 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya Korona, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuwa maputo yameruhusiwa. Maputo yalirushwa kutoka Nevada na Puerto Rico, yakasafiri hadi Kenya kwa upepo tu. Mwishoni mwa Juni kipimo kimoja cha ardhini kilitoa megabiti 18.9 kwa sekunde za kupakua na 4.74 za kupakia, na ucheleweshaji wa milisekunde 19. Ukilinganisha na yale tuliyozoea mashambani, zilikuwa namba za mjini. Tarehe 7 Julai 2020 huduma ilizinduliwa rasmi, ya kwanza ya kibiashara ya aina yake Afrika, na Waziri Joe Mucheru akiwa Radad, Baringo, akazungumza na Rais kwa video kupitia puto. Maputo yapatayo 35 yalikusudiwa kufunika kilomita za mraba 50,000: Iten, Eldoret, Nakuru, Kakamega, Kisumu, Kisii, Bomet, Kericho, Narok, hadi Nairobi.

Itazame orodha hiyo tena. Inaelekea magharibi. Eneo lake lingeimeza Kaunti ya Kitui yote na kubakiza nafasi, lakini mashariki, ambako mji na mji hutengwa na pori la siku nzima kwa miguu, halikufika. Sidai kuwa ilikuwa hila. Upepo una njia zake, Telkom ilikuwa na mipango yake, na huduma changa huanza panapofaa kuanzia. Nasema tu kwamba chombo kilichobuniwa kwa ajili ya nchi pana yenye watu wachache kilianza kazi juu ya baadhi ya kaunti zilizojaa watu kuliko zote nchini.

Wala mbingu si ngeni kwetu. Kenya ina Ngomeni mbili. Ya pwani, karibu na Malindi, ndiko Waitaliano walikoegesha jukwaa la San Marco baharini, na kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikarushwa setilaiti ya miale ya eksi ikapewa jina Uhuru. Ngomeni ya pili ipo Mwingi Kaskazini, ina mbuzi, jua na ukame wake. Hakuna chombo kilichorushwa kutoka huko.

Tarehe 21 Januari 2021 Loon ilitangaza kufunga. Gharama haikushuka vya kutosha, walisema, na hapo naamini walisema kweli. Kutunza maputo yanayoishi miezi kadhaa tu kabla ya kuteremshwa na kurushwa mengine ni kama kujenga mnara upya kila msimu wa mahindi. Wiki chache kabla, Desemba 2020, watafiti wa Loon na Google walikuwa wamechapisha katika jarida la Nature jinsi kompyuta ilivyojifunza yenyewe kuendesha puto kwa upepo, ikiwa imejaribiwa siku 39 juu ya Pasifiki. Elimu ilikuwa imeiva, mfuko umekauka. Mwezi Machi huduma ya Kenya ikazimwa. Iliachwa ahadi ya dola milioni 10 kwa mashirika ya Kenya yanayoshughulikia mawasiliano, na mitambo ya miale ya mwanga iliyozaliwa katika mradi huo ikaendelezwa kwa jina Taara, safari hii ikifungwa juu ya minara isiyokwenda popote.

Julai 2023 Starlink ilifungua Kenya, na mnara unaohama ukarudi, sasa juu zaidi na kwa haraka zaidi: setilaiti kilomita 550 juu, zikienda karibu kilomita 27,000 kwa saa. Sahani iliyo juu ya paa la shule hukabidhiwa kutoka setilaiti moja hadi nyingine mchana kutwa bila mwalimu kujua. Ilianza kuuzwa kwa karibu Sh 90,000, na Sh 6,500 kila mwezi. Inahitaji stima au sola, na inahitaji paa.

Mfuata ngamia upande wa Ukasi hana paa wakati huo wa mchana. Ana mulika mwizi mfukoni, chaji yake ya siku nne. Akipanda mgongo wa kilima na kupiga, mnara wa barabarani unamdaka, na ripoti zinaanza kwenda, moja kila milisekunde 480, kila moja ikitaja majirani. Anauliza bei ya Mwingi leo, anaambiwa, anajibu. Ngamia wameshatangulia bondeni, naye anateremka akiwa bado anaongea.